Michikichi ya Mama, Mwaka wa Malale

Sisi tuliokuwa watoto hapa Rumonge wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, tumebaki wachache, na kila nikikutana na mwenzangu sokoni mazungumzo yanaanzia palepale, kwenye harufu ya mawese. Enzi zile ulikuwa ukiamka, harufu hiyo imeshaamka kabla yako. Ilikuwa kwenye nguo, kwenye nywele za mama zetu, kwenye mbao za chuoni tulizoandikia aya kwa wino wa masizi. Mwalimu akikushika ubao wako una alama za vidole vya mafuta, hakuuliza swali. Alinyoosha mkono kuchukua fimbo, nawe ulinyoosha mgongo.

Tulikula bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaushwa mchangani, kwa hiyo chembe za mchanga zilikuwa sehemu ya kitoweo. Siku njema alipatikana samaki mukeke, mbichi. Michezo yetu haikununuliwa. Tulikuwa tunaokota kuti kavu la mchikichi, mmoja anakalia kitako chake kipana, wengine wawili wanavuta, tunashuka nalo kwenye ukingo wa mchanga mpaka ziwani, puu! Wajukuu zangu nikiwaeleza wananitazama kwa huruma. Wao bila baiskeli hawajacheza. Na baiskeli yenyewe ikipata pancha kidogo, mtu mzima mwenye ndevu anakaa kando ya barabara kama aliyefiwa.

Lakini leo sitaki kusema michezo. Nataka kusema miti, kwa sababu juzi nimemwona mjukuu wangu akitundika waya wa kuanikia nguo, amepigilia msumari mrefu kwenye mchikichi mbichi, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akaniambia, "Bibi, ni muti tu."  Nilitaka kumwambia, nikaona habari ni ndefu.

Kwetu palikuwa na michikichi mitatu. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka ziwani, ya udongo na makuti, na michikichi ilisimama upande wa jua linakochwea, mbele ya mlango. Mama alikuwa na desturi waliyokuja nayo watu wa kwao kutoka Manyema. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikianguka, kinazikwa, na juu yake unapandwa mchikichi. Wa kwanza ulikuwa wa dada yangu Sifa, aliyekufa kwa homa kabla sijapata akili. Wa pili ulikuwa wangu. Wa tatu, bado mfupi kiasi cha mtu mzima kugusa ngazi zake, mikungu ya matunda, kwa mkono, ulikuwa wa ndugu yangu mdogo Ramazani, aliyekuwa na miaka minne.

Mama aliitunza miti ile kama anavyotunza watu. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alizunguka akiigusa mmoja mmoja. Aling'oa majani yaliyoota kwenye magutu ya makuti ya zamani. Alifagia chini, akachukua majivu ya jikoni akayatia kwenye makwapa ya makuti, kila kwapa konzi moja. Alikuwa akisema, "Muti wa nyumbani ni mutoto asiyelia. Usipomuangalia, utajua aliumwa siku ya kumuzika." Mimi nilimfuata na kikapu cha majivu, nikikohoa.

Mwaka ninaousema ndio mwaka ule malale yalipoingia kwetu sawasawa. Mwenzangu unayesoma, kama ulikuwapo, umeshashika shingo yako. Sote tulikuwa tunashika shingo. Watu walisema mgonjwa huota vifundo nyuma ya shingo, vidogo kama mbegu, kisha anakonda, kisha anaanza kusinzia mchana akiwa na tonge mkononi, na mwisho halali wala haamki. Tulisikia kwamba huko kaskazini, karibu na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, Wadachi wamejenga kambi ya wagonjwa, na mtumbwi unapita kila mara kuwachukua.

Baba hakuwapo. Alikuwa amechukuliwa kupiga makasia kwenye mtumbwi mkubwa wa serikali, kubeba mizigo kati ya Usumbura na Ujiji. Aliambiwa siku kumi. Mvua za kwanza zikanyesha, hajarudi.

Ndipo karani akaja. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kanzu yake nyeupe mno kwa tope la kwetu. Jumbe akapiga ngoma, tukakusanyika, karani akasoma amri. Inzi anayeleta malale anakaa kwenye vichaka vya ukingoni. Kwa hiyo vichaka vyote vikatwe, na miti yote ya kando ya maji iangushwe. Nyumba zilizo nyuma kidogo, kama yetu, zitakaguliwa na daktari mvua zikiisha. Aliyesafisha mji wake na kuitunza miti yake atakaa. Atakayeonekana na vichaka, au miti michafu, au miti mibovu, yote itaangushwa na mwenyewe atahamia mlimani.

Mama mmoja akauliza kwa Kirundi, jumbe akatafsiri: mlimani wapi?

"Mtaonyeshwa," karani akasema, akakunja karatasi.

 Njiani kurudi nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza mara tatu kabla hajanijibu.

"Mama, tukihamishwa, Baba atatuona wapi?"

"Hatutahamishwa."

"Lakini wakituhamisha?"

"Zaina, nimesema hatutahamishwa," akasema, akanivuta mkono tukaongeza mwendo.

Baada ya hapo ilikuwa ni mashoka kutoka alfajiri hadi jua kuzama. Askari walisimama na viboko, watu wakakata. Ukingo wote, tulikozoea kuteleza na makuti, ukawa mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Michikichi ya watu wa mbele, mingine imezaa miaka na miaka, ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na kila ukianguka ardhi ilitikisika mpaka ndani ya nyumba yetu, Ramazani akashtuka na kulia. Magogo yaliachwa palepale. Amri ilisema kukata, haikusema kuondoa.

Mama naye akaingiwa na hofu ya usafi. Maneno ya karani, miti michafu, yalimkaa kichwani. Kwa kawaida makuti yalipunguzwa kidogo, yale makavu tu, na kazi hiyo ilikuwa ya Baba. Mwanamke kupanda mchikichi ilikuwa aibu. Mama alichukua kamba ya Baba, akaifunga kiunoni, akapanda mchana kweupe. Watu waliopita walitazama chini. Alikata makuti makavu, akakata yaliyoanza kukauka, kisha akakata na mabichi. Alianza na mti wangu kwa sababu ndio uliokuwa mnene kuliko yote, akaumaliza mpaka ukabaki na kishungi juu, kama jogoo aliyenyonyolewa. Mti wa Sifa aliukata vilevile, ila si sana, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshachoka.

Majeraha yale yalitoa maji matamu. Harufu yake ilikuwa kama ya tembo changa la kugema, na mchana nikaona wadudu wanakuja. Walikuwa weusi, wagumu, urefu wa kiungo cha kidole gumba, wenye mdomo mrefu uliopinda kama mwiba. Walikuja wakivuma, wakatua kwenye vidonda vya mti wangu. Niliwaona wazuri. Nilimkamata mmoja, nikamfunga uzi mguuni nikamrusha kumfurahisha Ramazani.

Jirani yetu wa ubavuni alikuwa Mama Bitisho, mjane wa Kibembe aliyevuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Bitisho mwenyewe hatukumjua, alikuwa ameolewa hukohuko. Mama Bitisho alikuwa mnene, mwenye sauti ya kiume, na alikuwa mtu pekee aliyefurahia magogo yale. Wiki zilipopita alikuwa anakwenda na shoka lake, anapasua gogo, anachomoa ndani funza wanene, weupe, wenye vichwa vya kahawia. Yeye aliwaita mapose. Aliwaweka kwenye chungu kikavu, wakakaangika kwa mafuta yao wenyewe, akanyunyiza chumvi. Wenzangu wa damu ya ng'ambo mnajua ninachosema. Ngozi inapasuka mdomoni, halafu ni utamu mtupu. Vijana wa leo ukiwatajia wanaziba mdomo, kisha wanakwenda kula biskuti iliyokaa dukani tangu mwaka jana.

Tulikula mapose mpaka mvua zikakaribia mwisho. Nasema kweli, katika mwaka ule wa hofu chungu cha Mama Bitisho ndicho kilichotuchekesha.

Siku moja nilikuwa nimeegemea mti wangu nikiosha miguu ya Ramazani, nikasikia kitu. Nilidhani ni mtoto anatafuna. Nikamtazama, mdomo wake mtupu. Nikaweka sikio kwenye gogo. Ndani ya mti kulikuwa na sauti, kru, kru, kru, kama mtu anayetafuna muhogo mkavu kwa subira. Nikainua macho. Kuti changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki, lilikuwa limegeuka njano na limeinama upande.

Sikusema. Kwa nini sikusema, nimejiuliza maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na kitovu changu kilikuwa chini ya mti ule. Akilini mwangu ilikuwa wazi: mti unaumwa, basi na mimi naumwa. Nilianza kujipapasa shingo kila nikikaa peke yangu. Nilipapasa mpaka ngozi ikauma, na ilipouma nikaamini kwamba kweli kimo kifundo. Nikisikia usingizi baada ya kula nilisimama nikaruka-ruka, nisije nikaonekana nasinzia. Mama akaniuliza, "Unacheza ngoma gani hiyo?" Nikasema nafukuza siafu.

Kila asubuhi nilipofika na kikapu cha majivu nilisimama mbele ya upande wa mti wangu uliokuwa ukivuja maji ya kahawia, Mama asiuone. Na Mama, aliyekuwa haachi kitu, wiki ile aliacha kukagua. Macho yake yalikuwa ziwani, akimtazamia Baba.

Nilificha siku sita. Siku ya saba Mama Bitisho aliniita kumshikia kikapu. Akapiga gogo shoka, likapasuka, na safari hii pamoja na mapose mlikuwa na vifuko vya nyuzi za mti zilizosokotwa kama kamba. Akafungua kimoja kwa kucha. Ndani alikaa mdudu mweusi mwenye mdomo kama mwiba.

"Angalia mama yao," Mama Bitisho akasema akicheka. "Huyu anataga, watoto wanakula, wakishiba wanageuka kama yeye."

Niliangusha kikapu. Nilikimbia mpaka nyumbani nikajitupa miguuni kwa Mama, nikasema yote kwa mpigo mmoja: sauti, kuti la njano, wadudu, siku sita. Kuhusu shingo yangu sikusema.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliweka sikio kwenye mti akakaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja ameukumbatia. Kisha akachukua ndoana kubwa ya Baba ya kuvulia sangala, akainyoosha juu ya jiwe, akaifunga kwenye kijiti, akapanda. Alichokoa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Funza walianguka chini kama maembe, mmoja, na mwingine, na mwingine, na pamoja nao uji mweusi wenye harufu ya kitu kilichochacha. Mama Bitisho alikuja akasimama chini, mikono kiunoni. Mara hii hakuokota hata mmoja.

Mama aliposhuka, kuti la katikati alilishika mkononi. Lilikuwa limechomoka lenyewe, na mwisho wake umeoza.

"Moyo wake umekwisha," Mama Bitisho akasema. "Mama Zaina, muti huu umekufa, iko inasimama tu. Ukiuacha, wadudu watatoka humu waingie kwenye hii miwili."

"Daktari anakuja wiki hii."

"Ndiyo maana. Akikuta muti mubovu atakata yote."

"Na akikuta gutu? Si atasema nimeficha kitu?"

 Mama akakaa chini kwenye mizizi, akashika kichwa. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilimukata vidonda vyote hivi. Nilitaka kumuokoa, nikafungulia adui mulango."

Sijawahi kumsikia Mama akisema hivyo, kabla wala baada. 

Kisha akainuka, na alipoinuka alikuwa Mama wa siku zote. "Mama Bitisho, wadudu wanatoka kwenye magogo yako."

"Magogo si yangu, ni ya serikali."

"Lakini unayalinda. Watu wakitaka kuyachoma unawafukuza."

"Nitakula nini? Mimi sina mume wa kunivulia."

"Utakula kwangu."

Wale wanawake wawili walitazamana. Mama Bitisho akatema mate pembeni, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Lete moto basi, mbona unaongea sana?"

Tulichoma magogo siku mbili, sisi na majirani waliokubali kusaidia. Moshi ulikuwa mzito, wa mafuta, ukalala juu ya maji. Siku ya pili ikafika zamu ya mti wangu. Mama alishika shoka upande mmoja, Mama Bitisho upande mwingine. Shoka la kwanza lilipoingia, nilipiga ukelele kama nimekatwa mimi.

Mama akageuka. "Nini?"

"Kitovu changu kiko hapo."

"Najua. Nilikizika mwenyewe."

"Muti ukifa, na mimi si nitakufa?"

Akaweka shoka chini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa habari ya kuruka-ruka baada ya kula. Akanivuta, akanipapasa nyuma ya shingo polepole, kila upande, macho ameyafumba. Kisha akanigeuza kichwa kwa nguvu nitazame mchikichi wa kwanza.

"Ule muti ni wa nani?"

"Wa Sifa."

"Sifa iko wapi?"

"Alikufa."

"Na muti wake?"

Niliutazama.

"Muti wake umesimama na unazaa, Zaina. Kama muti na mutu ni kitu kimoja, ningekuwa na mutoto wangu. Muti ni muti. Ninautunza kwa kuwa ninawapenda ninyi, haya. Shika kikapu."

Nikashika kikapu. Mti ulipoanguka ardhi ilitikisika kama ilivyotikiswa na miti ya watu wengine, na Ramazani akalia kama kawaida yake. Tukaupasua vipande, tukauchoma wote, na gutu tukalifukia kwa majivu na udongo. Jioni Mama alikanda udongo wa mfinyanzi na majivu, akapanda mti wa Sifa, akaziba kila kidonda alichokuwa amekikata, akikisugua kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta.

Daktari alikuja kesho kutwa yake, pamoja na karani na askari wawili. Alikuwa Mdachi mfupi, uso mwekundu, miwani. Alitembea haraka bila kumtazama mtu. Karani akaonyesha gutu kwa kijiti chake.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mama alikuwa amefanya mazoezi ya jibu usiku kucha, lakini ulimi ukamsaliti. "Palikuwa na mugonjwa, bwana," akasema. "Tumemuzika juzi."

Karani akamtafsiria daktari, na daktari akasimama palepale. Alisema maneno makali kwa lugha yao. Askari mmoja akaingia ndani ya nyumba yetu bila hodi, nikasikia vyungu vikipinduliwa. Kumficha mgonjwa wa malale lilikuwa kosa kubwa, watu walichapwa kwa ajili hiyo.

"Mgonjwa gani?" karani akauliza. "Mtoto? Mume wako? Umemzika hapa bila kusema?"

"Muti, bwana, muti!" Lakini kadiri Mama alivyorudia ndivyo karani alivyozidi kutoamini. Mama Bitisho akaanza kueleza kwa sauti yake kubwa, askari wa pili akamsukuma kifuani.

Nilikuwa na mdudu mmoja, nimemfungia kwenye jani la mgomba pamoja na funza wawili, nilitaka kuwaonyesha wenzangu wa chuoni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya viatu vya Mdachi, nimefungua jani.

Daktari akainama. Akamshika mdudu kwa vidole viwili, akamgeuza, akatazama mdomo wake. Kisha akaliendea gutu, akafukua majivu kwa kisigino, akaona kuni zilizoungua. Akatazama juu, kwenye udongo uliozibiwa vidonda vya mti wa Sifa. Akasema neno, akatoa chupa ndogo mfukoni, akamtumbukiza mdudu wangu.

Karani akashusha pumzi. "Bwana daktari anauliza nani amekufundisha kuziba vile."

"Hofu," Mama akasema.

Sijui karani alitafsiri nini, ila Mdachi alicheka kidogo. Askari akapaka alama ya chokaa kwenye miti miwili iliyobaki. Maana yake tunakaa.

Kisha shingo. Tulipangwa mstari. Vidole vya daktari vilikuwa baridi na vilinukia dawa. Alinipapasa pande zote mbili. "Mwingine," karani akasema. Mama. "Mwingine." Ramazani alilia. "Mwingine."

Kwa Mama Bitisho vidole vilikaa. Vilipapasa upande wa kulia, vikarudi kushoto, vikarudi kulia. Karani hakusema mwingine. Alifungua karatasi, akauliza jina.

"Mimi sisinzii," Mama Bitisho akasema. "Waulize. Nimekata muti juzi na mikono hii."

"Ni mwanzo tu, mama. Huko kambini kuna dawa."

Mama alisema kwamba ni jirani tu, hana mtu, atamtunza yeye mwenyewe. Karani akatikisa kichwa. Mtumbwi ulikuwa umeshafika. Mama Bitisho aliruhusiwa kuchukua mkeka na nguo. Alipofika ukingoni, pale peupe palipokuwa na magogo yake, aligeuka akapaza sauti ile ya kiume: "Mama Zaina! Chungu changu usimupe mutu!" Watu wakacheka. Naye akacheka. Akaingia.

Baba alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, viganja vimekuwa kama magamba. Tulikuwapo nyumbani kumpokea, na Mama alipika alichokuwa nacho. Mti wa Sifa uliacha kuzaa mwaka mzima, kisha ukazaa tena. Uwanja wa Mama Bitisho Mama aliufagia kila asubuhi baada ya wetu, mpaka Wadachi wakaondoka wakaja Wabelgiji. Alimuuliza kila mpiga makasia aliyetoka kaskazini. Mmoja alisema wamekufa wengi kule. Mwingine alisema kuna mama mnene anayepikia wagonjwa wenzake, lakini hakujua jina lake. Hatukupata habari yake, njema wala mbaya, mpaka Mama akafa.

Sasa hivi michikichi imepangwa kwa mistari kuanzia hapa mpaka Nyanza-Lac, anakuja moniteri wa kilimo, yaani bwana shamba, na bomba la dawa mgongoni, anapuliza, anaandika, anaondoka. Vijana wanaona tulikuwa washamba, tukihesabu konzi za majivu na kuchokoa funza kwa ndoana. Labda ni kweli. Nami nawaona wao ni wazembe, wanapigilia misumari miti hai halafu wanashangaa inakauka. Tutabishana mpaka niondoke. Sitadanganya kwamba enzi zetu zilikuwa njema. Tulikuwa tunaamka na hofu na kulala nayo, na utamu wake tuliupata katikati, kidogo kidogo.

Lakini mwezi uliopita binti wa jirani alipelekwa hospitali Bujumbura, tumbo limemkamata. Kabla ya jua kuzama dereva wa lori alikuwa ameshatuletea habari: amepasuliwa, amezinduka, anaomba mukeke. Nyumba nzima ikapiga vigelegele, na mjukuu wangu wa baiskeli akarudi kucheza karata kama hakuna lililotokea. Alidhani habari ni kitu kinachokuja chenyewe. Nikamkumbuka Mama akiuliza wapiga makasia, na katika vyote walivyonavyo vijana hawa, hicho kimoja ndicho ninachowaonea wivu.